Satelaiti Iliyodhaniwa Imekufa

Siku ya tatu tangu satelaiti irushwe, Nusaiba aliwapelekea wenye satelaiti hiyo, walioko Dar es Salaam, jibu fupi: hakusikia mlio wake wowote. Alikuwa mwalimu wa fizikia huko Wingwi, kisiwani Pemba, na antena yake ya fito za alumini aliiunda kwa mikono yake. Walimtegemea kwa kuwa mjini mawimbi ya redio huingiliana, na Wingwi hewa imetulia. Satelaiti yenyewe haikuzidi boksi la viatu. Mmoja wa walioitengeneza, Hafidh, alisomeshwa naye.

Hafidh akampigia simu kumshukuru, akamwambia wamekubaliana kuwa imekufa.

Kesho yake asubuhi, akikunja waya wa antena auweke, kidole chake kikagusa shaba tupu. Panya walikuwa wameutafuna. Nusaiba akakaa chini palepale. Siku zote tatu alisikiliza bila kuukagua hata mara moja. Ikamjia kwamba akinyamaza hakuna atakayejua. Kisha akamwendea Bakari, mlinzi wa skuli, akamwomba kisu na utepe wa umeme, akauunga.

Satelaiti ingepita saa nne na robo, kwa dakika kumi tu. Aliwapa wanafunzi zoezi, akatoka uwanjani, akaielekeza antena kaskazini na kuigeuza taratibu kuifuata. Dakika ya nne kompyuta aliyoiunganisha na antena ikatoa mlio mwembamba wa kukatika-katika. Akaurekodi. Vipindi vilipokwisha akapanda gari kwenda Konde, kwenye mtandao mzuri, akautuma, ndipo akapiga simu.

“I hai,” alisema. “Kosa langu, Hafidh. Waya ulikuwa umeliwa na panya, nami sikuutazama.”

“Mwalimu, ripoti kwamba imekufa tushaipeleka.”

“Basi pelekeni nyingine. Na hilo la waya liandikeni, na jina langu.”

Rekodi ile ilionyesha kuwa satelaiti inazunguka ovyo, haipati jua la kutosha, na betri inakaribia kuisha. Wakaiamuru izime kamera mpaka itulie. Ikatulia, lakini kipimajoto chake kimoja hakikuwaka tena. Hafidh alimweleza kuwa kama wangeiwahi mapema huenda kingepona.

Wiki ya tatu picha ya kwanza ikafika, akaipeleka darasani. Wanafunzi waliitafuta Pemba wasiione. Siku ile kisiwa kizima kilikuwa chini ya wingu.