Roketi ya Siku ya Ubatizo

Mwalimu Malachie wa Bulengera, nisiwafiche, sifa ndizo zilimponza.

Alifundisha fizikia, na mwaka ule wa vita, mwanawe Ariel alipobatizwa, aliapa kuwaonyesha wakwe zake namna watu wanavyofika kwenye nyota. Mkewe Berthe hakutaka. Mama mzazi wa Berthe, Kahongya, alikuwa amekimbia mabomu upande wa Beni, na tangu afike kwao alilala na furushi limefungwa nyuma ya mlango, tayari kukimbia tena. Juma lile tu ndipo alipolifungua, akatundika nguo zake ukutani. Berthe alilia kwa furaha siku hiyo.

"Baba Ariel, rusha ile puto ya karatasi na moto ya majani. Haina makelele."

"Puto! Itafika wapi? Hewa ikiisha, nayo imeisha. Roketi inajibebea chakula yake, sawa mutu anatoka Butembo na maharagi, anakula mu njia mpaka Beni. Shida ni hiyo: karibu muzigo yote ni chakula ya njia. Lakini inafika!"

Moyoni alijua puto lingetosha. Lakini alitaka kishindo, wakwe wasimulie mpaka Lubero.

Basi wakapata cha kusimulia. Roketi yake ya bomba la chuma ilipasuka kabla ya kuupita mti wa avoka. Wageni wakalala chini, wengine wakatumbukia migombani. Kahongya hakulala. Alimnyakua Ariel, akavua kikwembe chake palepale, akamfunga mtoto mgongoni, akakimbia na shimizi tu mbele ya mkwe wake. Jamani! Kwetu mkwe hata goti la mama mkwe haangalii. Malachie alifunika uso, aibu ikamchoma hadi masikioni.

Kesho yake alimpelekea mbuzi wa kuosha aibu, kama desturi inavyotaka, akapiga magoti uani, macho chini.

"Mama, unisamehe. Nilikuona."

"Mbuzi nimepokea, mwanangu," Kahongya akajibu kwa upole. "Ile ya kikwembe imeisha. Hapana kuililia tena."

Malachie akashusha pumzi, akaingia ndani mbiombio kumwambia mkewe. Berthe alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mama yake. Malachie akachungulia juu ya bega lake. Misumari ya ukutani ilikuwa mitupu. Nyuma ya mlango furushi limefungwa, na juu yake kikwembe cha kumbebea Ariel, kimekunjwa tayari.