Bobini za Mwenyekiti

Kila Alhamisi saa nne asubuhi Mama Cherehani alipanda kigoda, akatundika kitambaa chake kwenye msumari wa tano kutoka mlangoni, akashuka na kurudi nyuma hatua tatu kuangalia kama kimekaa sawa. Hakikukaa sawa hata siku moja, kwa sababu ukuta wenyewe ulikuwa umepinda. Nyumba ile ilikuwa kiwanda cha mikate kabla wasanii hawajaipanga. Ndani ya tanuri la zamani Mfinyanzi alianika vyungu vyake, na siku za mvua bado kulinukia hamira.

Kikundi kilikuwa na watu kumi na wanne na kanuni moja ya maana. Alhamisi kila mtu alileta kazi ambayo haijaisha, akaitundika, wenzake wakaitazama. Aliyependa kitu alikichukua: rangi, mkao wa mtu, namna ya kuchora vidole. Ruksa. Ila aliyechukua alipaswa kufunga uzi kutoka msumari wake hadi msumari wa mwenzake, na kwenye kibandiko cha kazi yake aandike jina la mwenzake chini ya lake. Kufika mwisho wa mwezi chumba kilijaa nyuzi na watu walitembea wameinama. Mchongaji, ambaye alikuwa mrefu kuliko wote, alisema mgongo wake umeharibika kwa kuheshimu watu.

Mama Cherehani alikuwa fundi nguo kwa miaka thelathini. Picha zake alizishona kwa mabaki: vipande vya mikono, kola, bitana. Kitambaa cha safari hii kilikuwa na wanawake saba wameketi kwenye benchi la hospitali. Wa tatu kutoka kushoto alivaa gauni la manjano, ameegemeza kichwa kwenye bega la jirani yake. Gauni hilo halikuwa la kubuni. Lilikuwa la mdogo wake Mama Cherehani, lile lile alilolivaa asubuhi aliyokwenda hospitali na faili mapajani. Alisubiri tangu saa moja. Saa nane walipomwita jina hakuitika. Mwanamke aliyeketi naye, mtu asiyemjua, alidhani amesinzia, akakaa kimya muda wote bila kusogeza bega asije akamwamsha. Mkono wa gauni ulikuwa na kiraka kidogo pale pasi ilipounguza. Mama Cherehani alikishona kiraka hicho mara mbili, mara ya kwanza kwenye nguo na mara ya pili kwenye picha.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mchoraji wa rangi za mafuta, mtu wa shati jeupe na maneno mengi. Alhamisi tatu mfululizo alisimama mbele ya kitambaa kile, mikono nyuma.

"Dada yangu, hii kazi inaongea," alisema.

"Basi iache iongee," Mama Cherehani alimjibu, kwa sababu alikuwa anamzibia mwanga.

Miezi miwili baadaye kadi za mwaliko zilifika kutoka ukumbi mkubwa wa ng'ambo ya mji. Mbele ya kadi palichapwa mchoro wa Mwenyekiti: wanawake saba, benchi, wa tatu kavaa manjano, kichwa kwenye bega la jirani. Kiraka pia kilikuwepo. Chini palikuwa na jina moja tu. Siku ya ufunguzi Mwenyekiti alishika kipaza sauti akaeleza kuwa mwanamke wa manjano amelala usingizi mtamu, na usingizi huo ni matumaini ya jamii. Watu walipiga makofi. Mama Cherehani alikuwa amesimama karibu na mlango na mkoba wake kifuani.

"Hajalala," alisema. Waliokuwa karibu naye walidhani anazungumza kwenye simu.

Kwenye kikao cha kikundi hakuomba makubwa. Alitaka uzi na jina. Hakuomba hata liwe jina lake. Alitaka waandike la mdogo wake.

"Wazo halina mwenyewe, dada," Mwenyekiti alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza kidonge. "Wazo ni kama hewa."

"Sikuizungumzia hewa. Nazungumzia gauni."

Katibu, binti mwenye miwani aliyependa sana mambo yaende kwa utaratibu, alifungua daftari la kanuni. Alisoma kwamba uzi hufungwa kutoka msumari hadi msumari ndani ya chumba. Mchoro wa Mwenyekiti haukuwahi kutundikwa humu. Uko ng'ambo ya mji, na uzi haufiki huko.

"Samahani mama," alisema. "Kanuni ndiyo inavyosema."

"Tusivunje umoja," alisema Mfinyanzi, ambaye vyungu vyake vilikuwa vimeahidiwa nafasi kwenye ukumbi huo mwaka unaofuata. Mchongaji alijitia kukagua viatu vyake. Wajumbe walinyoosha mikono, kanuni ikapita kama ilivyo, wakaenda kunywa chai.

Mama Cherehani hakunywa chai. Alikuwa na hasira ya mtu mzima, ile isiyopiga kelele wala kuvunja kikombe. Alitoa uzi mwekundu kwenye mkoba, akaufunga kwenye msumari wa tano, akaachia ncha ya pili sakafuni. Kisha akafunga mkoba akaenda zake.

Uzi ulitoka siku ile ile chini ya mlango. Ulifuata mtaro hadi njia panda, ukavuka barabara kwenye alama za waenda kwa miguu, ukapita sokoni upande wa wauza viatu. Mlinzi wa benki alipouona unapita mbele ya geti aliunyanyua kwa fimbo ili magari yapite, na tangu hapo ikawa sehemu ya kazi yake. Jumamosi, Mwenyekiti alipokuwa anapaka siagi mkate, mkewe alimwambia ana uzi kwenye mkono wa shati. Alijaribu kuukata kwa mkasi. Mkasi ulikata kitambaa cha meza. Walipokunja shati waliona uzi hauanzii kwenye nguo, unaanzia kwenye kidole chake kidogo cha mkono wa kulia, na kidole kilikuwa kimepungua pingili moja.

Daktari alikipima kwa rula, akaandika "kufumuka", akampa vidonge vya vitamini.

Kila alasiri, saa kumi mpaka saa kumi na moja, Mama Cherehani aliketi kwenye cherehani yake ndani ya kile kiwanda cha mikate na kuuvuta uzi. Alikuwa akizungusha gurudumu kwa mguu na bobini, kile kipande kidogo cha kuzungushia uzi, inajaa taratibu. Bobini moja kwa siku, si zaidi, maana hakuwa na haraka, na kila moja aliiweka kwenye kapu. Wenzake walizoea. Mpiga Picha aliomba ruhusa ya kuupiga picha uzi ule unapoingia chini ya mlango, akafunga uzi wake wa shukrani kwenye msumari wa tano kama inavyotakiwa.

Kikaisha kiganja. Mkono ulipofumuka hadi kiwiko, mke wa Mwenyekiti alikuja na mashati sita.

"Naomba nipunguzie mikono, dada," alisema. "Fundi wetu hajui kupunguza upande mmoja."

Mama Cherehani alichukua tepu, akapima, akatia alama kwa chaki. Aliyashona vizuri, pindo nyembamba, mshono usioonekana. Mke alimshukuru. Alipokuwa anakunja mashati aliuliza, kama mtu anayeuliza saa, kama hili jambo lina mwisho.

"Lina mwisho wa aina mbili," Mama Cherehani alisema. "Aandike jina. Au aishe."

"Nimemwambia. Anasema ataonekana mwizi."

"Si ni mwizi?"

Mke alifikiri. "Ndiyo," alisema, "lakini hapendi kuonekana."

Mwenyekiti mwenyewe alikuja mwezi wa tatu tangu uzi uanze kuvutwa, wakati alipokuwa amebakiwa na mguu mmoja na kidogo cha bega la kushoto. Mchongaji alimbeba kutoka kwenye gari, akamweka juu ya meza ya kukatia vitambaa. Uzi ulikuwa umelegea kati yake na cherehani, urefu wa hatua nne tu.

"Dada, unanimaliza," alisema.

"Mimi siyo dada yako. Dada yangu yuko kwenye ukuta wako, chini ya jina lako, na wewe unawaambia watu amelala."

"Kitabu cha maonyesho kimeshachapwa."

"Kalamu ninayo hapa."

"Nitaandikaje? Mikono sina."

"Sema tu. Katibu ataandika."

Katibu alikuwa tayari amefungua daftari. Chumba kizima kilisubiri, na hata wale walionyoosha mikono siku ile walitamani aseme, maana lilikuwa jina la mtu mmoja, maneno mawili, lisingemtoa damu. Mwenyekiti alitazama dari. Kisha akasema kuwa kimsingi alichokifanya yeye ni kuipa sauti hali ya kusubiri kwa ujumla wake, na kwamba angeomba arudishwe nyumbani, ana mahojiano saa kumi.

Mama Cherehani alikanyaga cherehani. Siku hiyo alivuta bobini mbili.

Magazeti hayakumsahau. Yaliandika kuhusu mchoraji anayeendelea na kazi bila mikono, kisha bila miguu, kisha bila kiwiliwili, na kila alipopungua sifa ziliongezeka. Mdomo ndio uliokuwa wa mwisho kufumuka, na waliomjua hawakuona ajabu. Ulikuwa kwenye sahani juu ya meza ya redio, unajibu swali la msikizaji kuhusu chimbuko la mwanamke wa manjano. "Alinijia tu," ulisema, "siku moja nikiwa peke ya..." Hapo mtangazaji akaweka muziki.

Zilikuwa bobini mia moja na arobaini na tatu. Mke alikuja kuziangalia, akachagua moja ya sehemu ya shingo, akaondoka nayo mkobani. Cheti cha kifo hakikutolewa. Ofisi inayohusika ilieleza kuwa mhusika hajafa, amebadilika umbo, na hakuna fomu ya jambo hilo. Kwa hiyo aliendelea kuwa Mwenyekiti. Siku za kikao Katibu aliweka kapu kwenye kiti cha mbele na kuandika kwenye kumbukumbu kwamba Mwenyekiti amehudhuria. Mambo mengi yalipita bila kupingwa.

Ukumbi mkubwa uliuchukua ule mchoro moja kwa moja, ukauwekea taa yake peke yake na kibao cha shaba. Mama Cherehani alikwenda kuuona mara moja. Kibao kilikuwa na jina la Mwenyekiti na neno *Matumaini*. Alisimama pale mpaka mlinzi akamwomba arudi nyuma ya mstari. Mdogo wake alikuwa ameegemea bega lile lile, na hakuna aliyekuwa ameandika anaitwa nani.

Jumatatu iliyofuata alitoa bobini ya kwanza kwenye kapu, akaipachika kwenye cherehani. Ulikuwa uzi mzuri, lazima tuseme ukweli: haukatiki, haufifii, unapita kwenye kitambaa chochote. Alianza kushona foleni mpya, ndefu, kwenye shuka zima. Alhamisi alipoitundika, Katibu alikuja na kibandiko alichokiandika kwa herufi safi. Kilisema ni kazi ya Mwenyekiti, na chini yake, kwa herufi ndogo, Mama Cherehani.

"Uzi ni wake, mama," Katibu alisema bila kumtazama. "Umechukua kutoka kwake, na safari hii ni ndani ya chumba. Kanuni..."

"Naijua kanuni, mwanangu. Bandika."

Katibu alibandika. Wenzake walitazama pembeni, kisha wakarudi kwenye kazi zao.

Kibandiko kipo mpaka leo. Wageni hukisoma, husifu mkono wa Mwenyekiti, huuliza kama ni kweli aliishona baada ya kufumuka. Mama Cherehani hamwambii mtu kitu. Amemshona Mwenyekiti mwenyewe kwenye foleni ile, shati jeupe, faili mapajani, wa mwisho kabisa mwishoni mwa benchi, na pembeni yake hakuna bega. Mlango wa daktari uko upande wa pili wa shuka. Kila alasiri saa kumi Mama Cherehani huvuta kiti, hutia uzi kwenye sindano, na kumshona mtu mmoja zaidi mbele ya Mwenyekiti.