Zizi Katikati ya Vyumba

Mume wangu Sila ndiye mwenye nyumba pekee pale Ihumwa aliyejenga vyumba vya kupangisha kuzunguka ng'ombe. Nasema pekee kwa sababu nilizunguka mtaa mzima kumtafuta mwenzake ili aibu inipungue, sikumpata.

Shamba letu la mtama lilipopimwa viwanja tulilipwa fidia, tukabaki na kiwanja kimoja na ng'ombe watano. Pa kulima hatukuwa napo tena. Nikasema tujenge vyumba, tupangishe watumishi wa wizarani waliokuwa wanahangaika kutafuta pa kukaa. Sila alikubali haraka mno, na hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Fundi alianza msingi wakati mimi niko Makutupora navuna zabibu za watu. Niliporudi baada ya wiki tatu kuta zilikuwa zimefika madirishani. Vyumba sita vimepangwa pande tatu, milango yote inatazama ndani, na katikati, mahali ambapo mtu mwenye akili zake angeacha nafasi ya kuegesha gari, pamezungushiwa zizi.

Baba mkwe wangu aliishi kwenye tembe la namna hiyo, na baba yake vilevile. Watu pembeni, mifugo katikati, mwenye mali akifungua mlango asubuhi anaiona mali yake. Sila alichukua fimbo akamchorea fundi mchangani kile alichokijua yeye kuwa ni nyumba.

"Nilimwambia mzee, mama," fundi Habibu alijitetea. Ni kijana wa Kondoa, mpole, na siku hiyo hakuthubutu kunitazama usoni. "Nilimwambia wapangaji wenyewe ni watu wa ofisini. Akaniuliza, kwani watu wa ofisini hawanywi maziwa?"

Fidia nyingi ilikuwa imeishia ukutani na iliyobaki ilitosha kumalizia tu, kwa hiyo kubomoa hakukuwezekana. Tukaezeka bati, tukaweka marumaru, kila chumba na choo chake na luku yake ya umeme. Kimoja tukaingia wenyewe. Vitano nikamkabidhi dalali atafute watu.

Dalali anaitwa Ludovick, na mdomo wake ungeweza kuuza mchanga kwa watu wa Dodoma. Kwetu ulikwama. Mteja wa kwanza alifika getini, akavuta pumzi moja, akakumbuka kwamba ana kikao. Wa pili aliingia hadi ndani, akasifu marumaru, halafu akamuuliza Sila hawa ng'ombe wanahamia lini.

"Hawa ndio wenyeji," Sila akamjibu, kwa upole kabisa.

Mwezi wa pili ulipoisha Ludovick aliacha kupokea simu zangu. Nikarudi Makutupora kupalilia mizabibu ya watu, mimi, mama mwenye nyumba wa vyumba sita, nina miaka hamsini na minane na goti bovu. Jioni moja nikamwambia mume wangu tulichokuwa tunakikwepa wote wawili.

"Baba Joel, ng'ombe waende Chemba kwa mdogo wako Bartolomayo."

Alikuwa anawaangalia wanavyotafuna. "Ng'ombe wakienda Chemba," akasema, "na mimi nitakwenda."

Sila hapazi sauti. Nimekaa naye miaka thelathini na minne, na najua akisema jambo taratibu hivyo halirudi nyuma. Nikaogopa. Nilivitaka vile vyumba vitulishe, na nilimtaka mume wangu, na nilikuwa naambiwa nichague. Nikaendelea kwenda kupalilia.

Asubuhi moja nilishindwa kuinuka. Goti lilikuwa limevimba, nikajaribu kushika ukuta nikakaa tena chini. Sila alisimama mlangoni akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akatoka, akafanya mipango yake, na mchana lori la Fuso likasimama nje ya geti. Akawapandisha ng'ombe mmoja mmoja, wa mwisho Madoa, ambaye aligoma mpaka akaimbiwa. Akachukua blanketi na fimbo yake.

"Vyumba ni vyako sasa, Mama Joel," alisema, akapanda nyuma pamoja nao.

Nilikuwa nimeshinda, na sijawahi kushinda jambo lililoniuma hivyo. Goti lilipopoa nikazoa samadi siku nne nzima, na nikilia nilijiambia ni vumbi. Habibu alikuja akasawazisha pale katikati akamwaga kokoto. Nikampigia Ludovick kwa namba ya jirani, akapokea. Kabla ya wiki tatu kwisha vyumba vyote vitano vilikuwa na watu, na kila mtu amelipa kodi ya miezi sita. Sikwenda tena kuvuna wala kupalilia vya watu. Jumapili Sila alikuwa anapiga simu kunieleza habari za Madoa. Yeye haulizi habari za vyumba, mimi siulizi kama atarudi. Wazee wazima wawili, tumekaa tunazungumzia malisho.

Mwezi wa tatu akaja kunisalimia. Kunisalimia, kama mgeni. Alileta kibuyu cha maziwa ya mgando, akaniambia kesho yake atapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi kurudi Chemba. Nikamwambia vizuri, nikaenda kukoroga mboga kwa hasira.

Jua lilipoinama akachukua kigoda akakaa karibu na geti, palepale alipozoea kukaa ng'ombe wakirudi. Wapangaji wakaanza kuingia kutoka kazini. Kila mmoja anasema shikamoo, yeye anaitikia marahaba na kumfuata kwa macho hadi mlangoni kwake. Nikamwita tule. Hakuja.

"Mama Joel, hapa mna watu wangapi?"

"Watano."

"Wameingia wanne."

"Huyo mwingine ni Erica wa chumba cha tano. Ana ufunguo wake. Njoo ule."

"Yuko wapi?"

"Baba Joel, ni mtumishi wa serikali, si ndama."

Hakuinuka. Giza lilianza kushika kokoto, ugali ukapoa, nami nikaenda nikakaa chini karibu na kigoda chake, maana ningefanya nini. Mwishowe tukasikia hatua barabarani. Erica aliingia viatu mkononi, amechafuka miguu hadi magotini.

"Shikamoo babu. Shikamoo mama."

"Marahaba," Sila akasema. "Umepita wapi?"

Nikafumba macho. Watu hawa hawapendi kuulizwa, na Ludovick alishanionya kwamba mwenye nyumba mdadisi hafikishi mwaka na mpangaji. Lakini msichana akasimama, akashusha mkoba.

"Bodaboda imeharibika kule relini, babu. Nimetembea." Akaviweka viatu chini. "Kulikuwa na giza, nikaogopa."

Sila aliinuka, akamkaribisha kigoda, akamimina maziwa kwenye kikombe changu kizuri cha wageni. Erica aliyanywa yote. Alipoingia chumbani kwake na taa ikawaka, mume wangu alikwenda akafunga geti, akalisukuma mara mbili kuhakikisha, kama alivyokuwa anasukuma mti wa zizi.

"Wa chumba cha pili anachechemea," aliniambia tulipokuwa tunakula ugali wa baridi. "Kiatu kinambana. Na yule mwembamba hali vizuri."

Miezi miwili nimekaa nao, sikuwa nimeona kiatu wala wembamba. Nilikuwa na furaha na niliogopa kuionyesha, kwa hiyo nikasema kitu cha ovyo.

"Ulale sasa. Basi lako ni saa kumi na mbili."

Alinawa mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Huyu mtoto wa chumba cha tano hutoka saa ngapi asubuhi?"

"Saa moja."

Akainuka, akachukua fimbo yake. "Na ng'ombe?" nikamuuliza.

"Yupo Bartolomayo." Akaitungika fimbo kwenye msumari nyuma ya mlango. "Geti nitalifungua saa moja."