Maji ya Kusuuzia

"La pili limepungua," alisema Daktari Wiegand bila kubandua macho kwenye mizani. "Bi Krahn, mabakuli yako yamegombana leo."

Ottilie Krahn alijaribu kucheka, akaficha mikono chini ya aproni. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa dawa ya fedha, weusi usiotoka kwa sabuni. Miaka kumi na tisa katika maabara ile ya Charlottenburg, na aliuonea fahari weusi wake.

Umeme uleule hupita katika mabakuli mawili ya platini yenye dawa, na madini ya fedha huganda ndani. Ottilie huyasuuza na kuyakausha. Daktari huyapima, na uzito wa fedha humwambia umeme uliopita ni kiasi gani. Mabakuli yote mawili lazima yalingane. Yasipolingana, kazi ya wiki nzima inatupwa.

"Labda dawa imechafuka," Daktari alisema kwa unyonge. "Basi, tuanze upya."

Roho ilimuuma Ottilie. Tangu majira ya kuchipua macho yake yalikuwa yakiingia ukungu, na asubuhi ile alisuuza kwa mazoea ya mikono tu. Wakijua, watamwambia kwa upole akapumzike kwa dada yake kule Spandau, akahesabu kuku wa jirani. Naye aliyapenda mabakuli yale, basi.

"Dawa haina kosa. Ni mimi, mkono uliteleza," alisema. "Lakini maji ya kusuuzia yamo kwenye jagi. Huwa siyamwagi kabla hujapima."

"Tangu lini?"

"Tangu wewe uko shule unapigwa viboko, Bwana Daktari."

Daktari alicheka, akayachuja maji polepole kwenye karatasi, akaisogeza dirishani, akainama. Alikaa hivyo kitambo kirefu. Kisha akaokota kitu kwa ncha ya brashi ndogo.

"Hii hapa!" Ilikuwa chembe ya fedha, ndogo kuliko punje ya chumvi. Alinyoosha mikono yote miwili kwa furaha. "Unaiona, Bi Krahn?"

Ottilie alisogea, akaukazia macho mkono wa kulia wa Daktari.

"Naiona," alisema. "Inang'aa kweli."

Brashi ilikuwa mkono wa kushoto.

Daktari alimtazama, tabasamu likimtoka usoni taratibu. Kisha akaihamishia brashi mkono wa kulia.