Herufi Iliyobaki Nje

Kiarie aliweka juu ya kaunta ya duka lake bodi ya gari la kuchezea, isiyo na rangi hata tone. Ilikuwa ya plastiki nyembamba, safi kama maji, na ukiingiza mkono ndani unaona vidole vyako vikitembea upande wa pili kama vidole vya mtu mwingine.

"Hii haipakwi juu," akaniambia. "Inapakwa ndani."

Nikamwangalia usoni nione kama anacheka. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku.

Tangu niache shule darasa la saba nilikuwa napaka rangi malori ya majani chai katika gereji ya Omwenga, hapo Kaplong, na sikuwa nimeona gari likipakwa ndani. Ni kama mtu akuambie uvae shati chini ya ngozi.

Kiarie alikuwa fundi wa redio. Duka lake la kwanza lilichomwa wakati wa mapigano ya uchaguzi wa tisini na mbili, huko alikokuwa kabla ya kuja kwetu. Sasa ilikuwa tisini na saba, uchaguzi unanukia, na kila mtu alikuwa anauangalia mlango wa jirani. Kiarie akinyamaza, watu walisema anapanga. Akiongea, walisema anachimba. Siku aliyotoka nje na kigari cha kuchezea, akakiendesha bila waya huku ameshika sanduku lenye antena ndefu, wanawake wa soko waliacha kupima viazi.

"Chuma kirefu hivyo," mama aliniuliza nilipofika nyumbani, "anaongea na nani?"

"Na gari, mama."

"Gari lina masikio? Na mbona hajaita mtoto wa kwao, akakuita wewe? Weri, mwanangu, jiulize."

Nilijiuliza, lakini kazi yenyewe ilikuwa inanivuta. Mainjinia wa kiwanda cha chai walikuwa na klabu, na Jumapili walishindanisha vigari hivyo katika uwanja wa tenisi. Kiarie ndiye aliyewatengenezea rimoti. Injinia mmoja alikuwa amempa bodi hii, awe na gari lake mwenyewe la kushindana. Ikitoka vizuri, bodi za wenzake wote zitaletwa kwetu. Ikiharibika, zitapelekwa Nairobi na sisi tutasahaulika. Bodi ilikuwa hiyo tu, hakuna nyingine ya kujaribia. Nami nilikuwa nimechoka kupiga msasa matumbo ya malori na kutema kutu.

Kwa hiyo nikajifunza. Kifaa chenyewe kilikuwa kama kalamu nene yenye kikombe kidogo mgongoni, na hewa tuliichukua kutoka kwa gurudumu la akiba la lori, kwa mpira mwembamba. Ukibonyeza kitufe inatoka hewa. Ukikivuta nyuma, rangi inafuata. Mimi niliyezoea bunduki ya rangi ya Omwenga, inayotema kama ng'ombe mwenye kifua, nilikivuta kwa nguvu. Kwenye chupa tupu ya mafuta ya kupikia niliyokuwa najaribia, rangi ikamwagika, ikapeperushwa, ikatoa miguu pande zote.

"Umezaa buibui," Kiarie akasema. "Rudi nyuma. Pitisha tu, kama unamsalimia mtu usiyempenda."

Huo ndio mfano ulioniingia. Nikapitisha, nikaacha ikauke, nikapitisha tena. Kidogo kidogo mkono ukatulia, na chupa zikaanza kupendeza mpaka nikawa nazificha Omwenga asizitupe. Nikajifunza pia kwamba ndani mambo yote ni kinyume. Kile kinachoonekana mbele ndicho unaanza nacho, na mandharinyuma unamalizia. Maandishi nayo unayaandika kuelekea kushoto, herufi zikikupa mgongo, ili aliye nje ayasome sawa. Ilinikera. Mtu akikufundisha kuandika kinyume, unajuaje kwamba hakufundishi mengine kinyume?

Siku ya kupaka bodi yenyewe nilimkuta ameinamia redio, moshi wa risasi ya kuunganishia nyaya unampanda puani.

"Nyuma niandike nini, mzee?"

"Kura Vumbi."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Kura?"

"Eeh, kura. Kura Vumbi. Andika kubwa. Watakaokuwa nyuma wataelewa wenyewe."

Hakuinua hata kichwa. Nilitoka hapo nikitazama nyuma. Kura! Mwaka huo, mji huo, na yeye akiwa mtu wa antena. Kura za nani ziwe vumbi? Na watakaokuwa nyuma ni kina nani? Nikamwambia Omwenga, akafuta mikono kwa tambara.

"Andika alichosema," akasema, "halafu usiseme ni wewe. Wakikuja kuuliza, mimi nilikuwa Kisii."

Ningeweza kurudi kuuliza. Sikurudi. Nilitaka kazi, na nilitaka pia, nisidanganye, jambo lake liwe wazi kwa macho ya watu. Kama ana lake moyoni, acha lisomeke. Nikaosha bodi kwa sabuni, nikabandika tepu ndani, nikakata herufi kwa wembe. Nyeusi ikaanza, ikakauka, nikabandua tepu. Njano ikafuata juu ya kila kitu. Mwisho nyeupe, ili njano isififie. Sikuzaa buibui hata mmoja.

Jumamosi nilimpelekea dukani. Mkewe, Mama Shirley, alikuwa anapanga betri. Kiarie akashika ncha ya karatasi ya nailoni iliyokuwa inalinda upande wa nje, akaivuta polepole, na njano ikatokea inang'aa kama kiini cha yai. Mama Shirley akasema, "Ngai, Mungu wangu, ni wewe umefanya hivi?" Nikavimba. Kisha Kiarie akaigeuza.

Alisoma. Akasoma tena, midomo ikitembea.

"Umeandika nini?"

"Ulichosema."

"Nilisema kura."

"Ndiyo. Kura."

"Kura! Kura!" Akakusanya vidole akavipeleka mdomoni, kama mtu anayemega ugali. "Kura chakura! Wakiwa nyuma yangu wakure vumbi!" Kumbe ni kula; ulimi wake uligeuza L kuwa R.

Mama Shirley alicheka, kicheko kikamkatikia njiani, kwa sababu mume wake alikuwa ameenda kufunga mlango. Aliporudi uso wake ulikuwa wa majivu.

"Nani ameona hii?"

"Omwenga amesikia tu."

"Chepyegon," akanitaja kwa jina langu kamili, "nani amekutuma?"

Kumbe muda wote huo nikimpima, yeye pia alikuwa ananipima. Kijana wa hapa, amekubali haraka, hajauliza maswali, sasa amemwandikia kitu ambacho kingeweza kuleta watu na petroli. Nikaona vile nilivyoonekana kutoka upande wa pili, na sikupenda.

"Hakuna," nikasema. "Nilidhani ni wewe una lako."

"Na ungeniacha niende nayo klabu?"

Nikaikunja ile karatasi ya nailoni. Alielewa.

Ndani hakukuwa na dawa tena; ukikwangua unatoboa. Nikamwambia kuna njia moja tu, kupaka juu, upande wa nje. Gari likibiringika, hapo patachubuka kwanza. Alifikiri sana, kisha akaisukuma bodi kwangu. Nikafunika kwa njano tumbo la R na mguu wake, nikaacha mti umesimama, na ilipokauka nikauchorea unyayo mweusi. L ikatokea. Ukiipitishia kidole unaisikia imeinuka, peke yake kati ya zote.

"Kesho utakuja na mimi," Kiarie akasema.

"Kubeba?"

"Kusoma. Wakiuliza inaitwaje, utawaambia wewe. Mimi nikisema, itageuka tena. Hebu sema."

"Gula Fumbi," nikasema, kwa ulimi wa kwetu.

Mama Shirley akainamia betri zake, mabega yakitikisika. Kiarie hakucheka. Alikuwa ananitazama mdomo, kichwa amekiinamisha upande, kama anavyofanya redio ikikataa kushika stesheni.

"Sema tena," akasema. "Polepole."

Nikafungua mdomo. Nje mtu aligonga mlango, akaita kama kuna mtu. Tuliangaliana, kila mmoja akingoja ulimi wa mwenzake ndio uitikie.