Waya wa Kiti Moto

Mimba yangu ilitangazwa na gari. Mimi mwenyewe nilikuwa sina habari.

Gari lenyewe ni la mume wangu, Hamidu, dalali wa viwanja. Kazi yake ni kuwachukua wateja wa Dar es Salaam, kuwakalisha kiti cha mbele na kuwapeleka Mapinga kuwaonyesha vichaka ambavyo yeye huviita mtaa. Siku moja alipewa ndoo ya pweza, akaiweka kwenye kiti hicho cha wateja. Njiani akafunga breki ghafla kumkwepa mbuzi, na maji yote ya pweza yakaishia ndani ya kiti. Tulikisugua kwa sabuni, tukakisugua kwa ndimu, tukakifukiza udi. Tukapata kiti kinachonuka pweza aliyefukizwa udi. Mteja mmoja aliomba ashushwe Kerege, akasema kichwa kinamuuma, na Hamidu akamwona kwenye kioo akikimbilia bodaboda kwa afya njema kabisa.

Ndipo akanunua kiti kingine cha mtumba, cha gari la aina ileile, akamwita Mtoro. Mtoro ni fundi wa jirani hapa kwetu Dunda. Anatengeneza majiko, feni na pikipiki, na hajawahi kusema kuhusu kitu chochote kwamba hakijui. Alikichomoa kiti kibovu huku ufunguo umewashwa, maana alitaka kusikiliza mpira redioni. Kiti kipya kikaingia, nati zikakazwa, na chini ukabaki waya mmoja unaning'inia na plagi yake ya njano.

"Na huo?" Hamidu akauliza.

"Huu? Huu wa kiti moto, bro. Wajapani kwao baridi, wanapasha viti. Hapa Bagamoyo utapasha nini?"

Mama mkwe wangu, Bi Mwanabaraka, alikuwa barazani anachambua mchele. Wajapani hakuwasikia, wala baridi hakuisikia. Alisikia kiti moto tu, na kwake yeye kiti moto ni nguruwe.

"Astaghfirullah! Nguruwe kaingiaje kwenye gari la mwanangu?"

"Si nguruwe, mama, ni waya tu."

"Waya wa nguruwe! Usiuunganishe na chochote. Mimi naendea maulidi humo!"

Mtoro akauviringisha solotepu, akausukuma chini ya zulia. Mimi nikaambiwa nikae kitini ninuse kama kuna pweza. Nilipokaa, nikaona kwenye dashibodi taa nyekundu imewaka na haizimiki. Ilikuwa picha ya kijitu kimekaa kitini, mbele ya tumbo lake kuna duara kubwa.

Bi Mwanabaraka aliingiza kichwa dirishani. "Na hiyo nini tena?"

Mtoro hawezi kuacha swali likapita. "Magari ya siku hizi, mama, yanampima anayekaa. Kiti kinajua kila kitu."

Mama mkwe akaitazama picha. Akalitazama tumbo langu. Akairudia picha, halafu akapiga kigelegele kilichowatoa majirani ndani.

"Mama, mimi sina mimba," nilisema.

"Najua, mwanangu, najua," akaninong'oneza, huku ananifinya mkono. "Mimba changa haitangazwi. Endelea kukataa hivyohivyo."

Kuanzia hapo, kila nilipokataa nilikuwa ninathibitisha.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili halikunichekesha. Mimi na Hamidu tuna mwaka wa saba kwenye ndoa, mtoto hatujapata. Mama yake alikwishaniambia, uso kwa uso na kwa upole wake wote, kwamba Rajabu ikifika bila dalili Hamidu ataongeza jiko, na binti amekwishaonekana Pangani. Alichokuwa hajui ni kwamba tulikwenda kupima, na daktari akasema tatizo liko kwa Hamidu. Hamidu akaniomba nimfichie mama yake kidogo, mpaka apate namna ya kusema. Hicho kidogo kilikuwa kimetimiza miaka mitatu. Mwanamume anayeweza kumuuzia mtu kichaka kwa maneno matupu alikuwa hana maneno ya kumwambia mama yake.

Na siku ile ya kigelegele alikuwa amesimama palepale. Nilimwangalia aseme kitu, akainama kukagua tairi.

Basi nikalea mimba ya gari. Nilikatazwa kuinama, nikakatazwa kufunga mwenyewe milango ya kiduka changu, nikaletewa uji wa pilipili manga asubuhi na jioni. Mama mkwe, ambaye tangu gari linunuliwe hakuwahi kumwachia mtu kiti cha mbele, sasa alikaa nyuma. Kila tulipopanda alichungulia dashibodi katikati ya mabega yetu, akaiona taa, akasema, "Yupo," kisha akaegemea kwa amani. Nilikuwa na hasira na wote wawili. Lakini lililoniuma zaidi ni kwamba nilianza kuupenda ule uji.

Aliyetuzindua ni mteja wa kiwanja. Alimwambia Hamidu, "Ndugu yangu, hiyo taa ni ya eabegi, ile mifuko inayojaa hewa gari likigongwa. Ikiwaka hivyo, ukigongwa leo mifuko inaweza isifunguke." Hamidu aliporudi kunisimulia, nilimwambia sipandi tena gari hilo ila kwenda kulitengeneza, na Mtoro asilisogelee. Bi Mwanabaraka akakataa katakata. Kuizima ile taa, alisema, ni kumchokoza Mungu. Tuliposhikilia, akaingia nyuma kwenda kuilinda.

Tukaenda Kerege kwa Tabia, fundi umeme wa magari, mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno.

"Shikamoo, mama," alimwamkia mama mkwe.

"Marahaba. Taa usiiguse."

Tabia alifungua mlango wa mbele. Alichungulia chini ya kiti kwa tochi bila kugusa kitu, akaiona solotepu. "Nani kafanya hivi?"

"Fundi," Hamidu akasema.

"Huyu si fundi, huyu ni ajali. Huu si waya wa kupasha kiti. Plagi ya njano ni ya eabegi. Ubavuni mwa kiti hiki kuna mfuko umekunjwa, na kuna baruti ya kuufyatua. Mmechomoa ufunguo umewashwa! Mshukuru huyo jamaa bado ana meno."

Alizima gari, akatia ufunguo mfukoni mwake, akafungua boneti na kulegeza waya wa hasi wa betri, akausogeza mbali. Kisha akatufukuza wote tukakae kwenye benchi.

"Mbona hufanyi kazi?" mama mkwe akamuuliza.

"Ndiyo kazi yenyewe. Umeme unabaki ndani hata betri ikitolewa. Tunasubiri dakika kumi uishe. Hakuna kugusa, hakuna kukaa ndani, hakuna redio."

"Na mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Wa kwenye taa."

Tabia alitutazama mmoja mmoja, na nadhani alielewa kila kitu. Akapunguza sauti. "Mama yangu, lile si tumbo. Ni mfuko wenye hewa. Taa inasema mfuko una hitilafu, basi."

Bi Mwanabaraka aligeuka kulitazama gari. Aliponigeukia hakuwa na hasira, na ningependa awe nayo. "Kwa hiyo hamna kitu."

"Hamna, mama. Nilikwambia."

"Mizizi yote ile niliyokuchemshia upate mtoto, ukainywa miaka yote hii."

"Yote, mama. Sikumwaga hata tone."

Akatikisa kichwa, akatoa simu kwenye mkoba. "Basi mimi nimesubiri vya kutosha. Nawapigia Pangani."

Hamidu alikuwa amekaa katikati yetu. Tairi la kukagua halikuwepo karibu, na gari la kuingia alikatazwa. Mimi sikumsaidia. Nilisema moyoni, akinyamaza na leo, narudi kwetu.

"Mama, usipige," akasema. "Tatizo ni langu."

"Lipi?"

"La mtoto. Tulipima. Adila hana tatizo lolote. Ni mimi. Mimi ndiye niliyemwomba anifichie, nilikuwa naona haya."

Tabia akakumbuka ghafla kwamba spana zake zinahitaji kupangwa, akaenda kuzipanga upande wa pili.

"Tangu lini unajua?" mama yake akauliza.

"Miaka mitatu sasa."

Bi Mwanabaraka aliitazama simu mkononi mwake. Kisha akapiga simu ileile ya Pangani. "Haloo, Kibibi? Wa alaikumu salamu. Yule binti mwambieni aangalie mume mwingine... Hapana, hana kasoro... Hapana. Mwanangu ana mke." Akakata. Hakuniomba radhi kwa maneno, lakini aliuchukua mkono wangu, akauweka mapajani mwake, na hakuuachia.

Dakika zilipotimia Tabia alishika kwanza chuma cha bodi la gari ili autoe umeme wa mwilini, akabandua solotepu, akazikagua plagi zote mbili, ya waya na ya kiti, kama zinafanana, akazichomeka mpaka zikalia tik. Akakaza nati za kiti. Akahakikisha hakuna mtu ndani, ndipo akarudisha betri, akawasha ufunguo kwa kunyoosha mkono tu, akaunganisha mashine yake na kufuta hitilafu. Alipowasha tena, taa iliwaka kidogo, ikazimika yenyewe.

"Iko salama," alisema.

Jioni majirani walikuja kama kawaida kuniulizia hali. Mama mkwe aliwapokea mwenyewe barazani. "Adila mzima," akawaambia. "Hana mimba na hana ugonjwa, na asisemwe tena. Ninayemtibu ni huyu." Akamwekea Hamidu mbele yake bakuli la mizizi, limejaa hadi juu.

Hamidu aliinusa, akanigeukia. "Ni michungu sana?"

"Inywe yote," nilimwambia. "Usimwage hata tone."

Akanywa mbele ya mtaa mzima, machozi yanamtoka, mpaka akalipindua bakuli watu waone halina kitu. Nikampenda upya mume wangu, Mungu anisamehe, hasa pale alipokunja uso.