Upinde Ulioandikwa Mbovu

"Simama wima, usijikunje kama unaomba radhi," alisema shangazi, kidole gumba kikiwa kimebana ncha ya futi ukutani. "Nyosha. Mpaka kidole cha kati."

Twiga alinyosha mikono yote miwili, mgongo ukigusa ukuta wa stoo. Jina hilo alipewa na mafundi rangi wenzake kwa sababu hupaka dari bila ngazi. Shangazi yake, mtunza stoo wa klabu ya upinde, aliisoma futi, akairudia.

"Inchi themanini. Gawanya kwa mbili na nusu."

"Thelathini na mbili."

"Haya, huo ndio urefu wa mvuto wako. Na upinde unaotumia unaishia thelathini. Mwaka mzima unalenga umekunja kiwiko kama mtu mzima aliyekalia kiti cha chekechea."

Twiga hakucheka. Mchujo ulikuwa keshokutwa, nafasi ya timu ilikuwa moja, na kocha alishasema: ukaguzi ni kesho jioni, asipoleta upinde unaomtosha, nafasi inakwenda kwa mwingine. Madukani alikopiga simu, pinde zote za roda, zile zenye magurudumu madogo nchani, ziliishia thelathini na moja.

Alianzia rafu ya kushoto. Kila upinde aliugeuza, akasoma namba iliyochongwa kwenye roda, akaurudisha palepale. Ishirini na tisa. Thelathini. Ishirini na nane. Wa kumi na moja ulikuwa mrefu kuliko yote, umefungwa karatasi: MBOVU. HAULEGEI.

"Huo achana nao, mwanangu. Mwingine ukiuvuta hadi mwisho unalegea, halafu unagota, unajua umefika. Huo ni mzito mwanzo mwisho."

Twiga alipangusa roda. Kutu ilikuwa imekula namba. "Nani aliuvuta?"

"Kocha. Mimi. Wale mapacha wa saluni."

"Mrefu wenu ni nani hapo?"

Shangazi alimtazama kutoka miguuni hadi kichwani, kisha akaenda kuleta pamba.

Hawakukimbilia kuuvuta. Walipitisha pamba hiyo juu ya mbao zake, juu na chini, kuona kama kuna ufa utakaonasa nyuzi. Hakuna. Ugwe, kamba ya kuvutia, ulikuwa mkavu lakini mzima. Shangazi akaupaka nta. Kisha Twiga akapachika mshale mmoja mrefu ambao haujawahi kukatwa, akasimama mbele ya robota la majani uani.

Akavuta. Kiwiko kilipofika pale alipozoea kukikunja, mwili wote ulimwambia basi. Akaendelea. Inchi moja, nyingine, na ghafla uzito ukamtoka kama mtu aliyepokewa mzigo mlangoni. Upinde ukagota. Kwa mara ya kwanza ugwe uligusa ncha ya pua yake bila yeye kuinamisha kichwa.

Aliachia. Mshale ukazama hadi manyoya.

Kocha alitoka ofisini na kikombe mkononi. "Huo si ule mbovu?"

"Upinde mzima, kocha. Wafupi ni sisi," alisema shangazi.

Kocha aliitazama karatasi, mwandiko wake mwenyewe, akaikunja na kuitia mfukoni. "Na mimi nikawa nakugombeza kiwiko," alimwambia Twiga polepole. "Nilikosea. Lakini kesho saa kumi na moja jioni nitaukagua kama pinde nyingine. Na ulete mishale sita inayoufaa."

Mishale ya zamani ya Twiga ilikuwa mifupi, ingeanguka ndani ya upinde kabla hajafika mwisho. Shangazi akatoa mirija sita mipya ya kutengenezea mishale. Twiga alipima, akakata, akapiga msasa, akagundisha vyembe vya nchani kimoja kimoja. Ilipofika saa ya kufunga, minne ilikuwa imesimama kwenye kopo, gundi mbichi. Miwili haijaguswa na msumeno, na kilengeo cha upinde hakijafungwa.

"Kesho unafungua saa ngapi, shangazi?"

"Saa moja asubuhi."

"Nitakuja kumi na mbili na nusu."

"Utakuta kufuli."

"Nitakaa nalo."

Akaweka alama ya penseli kwenye ile miwili, akaulaza msumeno kando yake.